Watoto wetu wanamsikia Mungu pale tu tunapokasirika

(Mazungumzo kwenye kikao cha wazazi wa watoto wa chuo cha Qur'ani, yaani madrasa, Tanga, kabla ya Ramadhani. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa, maana kuna wazazi hawakuweza kufika na wameomba.)

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazazi wenzangu, na nyie mababa mliojipanga huko mlangoni kama mnataka kukimbia, sogeeni basi mbele, hiki kikao ni cha watoto wenu sio cha akina mama peke yao. Haya. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na ali zake na maswahaba zake. Nimeambiwa nina nusu saa na ustadhi kakaa hapa mbele ananitazama na saa yake mkononi, kwahiyo naingia moja kwa moja.

Tuanze na hesabu. Chukua chuo chenye watoto 60 na ustadhi mmoja, na vyuo vya hivyo mnavijua. Watoto wanaingia saa kumi alasiri wanatoka saa kumi na mbili, hizo ni dakika 120. Gawa kwa watoto 60 unapata dakika mbili mbili. Na hapo hatujatoa muda wa kutawadha, kuswali alasiri, kuamua ugomvi wa nani kavaa makubadhi ya nani, na yule ambae kila siku anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Dakika mbili! Alafu huyo mtoto akirudi nyumbani akitoa tusi moja, mzazi anashika kiuno anauliza "ivi huko chuo mnafundishwa nini?" Jamani. Tunampeleka mtoto chuo kama tunavyopeleka nguo kwa dobi, nirudishie ikiwa safi na imepigwa pasi.

Mi sina ugomvi na chuo, nimekaa kwenye mikeka ya chuo tangu mtoto na nimekuja kufundisha mwenyewe. Chuo kinampa mtoto herufi, kinampa Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, kinamnyoosha matamshi, hayo nyumbani wengi wetu hatuyawezi na tusijidanganye. Ninachouliza ni hizi saa 22 zilizobaki. Humo ndani mtoto anamsikia Mwenyezi Mungu akitajwa wakati gani?

Nimeuliza hivi nikaanza kusikiliza majumbani, kwangu na kwa watu. Mtoto kamwaga maji: "Mungu atakuchoma wewe." Mtoto kagoma kulala: "Endelea tu, Mungu anakuona." Kampiga mdogo wake: "Utaenda motoni." Kabakisha ugali: "Mungu atakulaani." Huyo ana miaka minne! Na akifurahi je, akipata kiatu kipya cha Idi, homa ikishuka, mvua ikinyesha anaruka ruka uani, hapo hatumtaji Mungu, tunasema "haya ingia ndani usije ukaumwa." Kwahiyo ukikusanya yote aliyoyasikia mpaka anafika miaka sita, Mungu kwake ni mtu mkali anaetumiwa na mama kuchoma watoto. Alafu akifika miaka kumi na tano tunashangaa kwanini anaikwepa swala.

Sasa nisieleweke vibaya, maana najua kuna mtu atatoka hapa akasema yule bibi kakataza watoto wasiambiwe habari za moto. Moto upo, Qur'ani imeutaja, na aya ya Suratut Tahrim inayotuambia tujikinge sisi na watu wetu na moto ndo hiyo hiyo tunayoisoma kwenye kila kikao cha malezi. Lakini aliyeambiwa ajikinge na awakinge watu wake ni nani? Ni mzazi. Mzigo umewekwa kichwani kwako wewe baba na wewe mama, sasa sisi tunaushusha tunambebesha mtoto wa chekechea.

Nendeni kwa Luqmani. Sura ya 31, kuanzia aya ya 13 mpaka ya 19, baba anaongea na mwanae. Anamkataza shirki, yani kumshirikisha Mungu, anamwambia hata likiwa ni jambo dogo la uzito wa punje ya khardali ndani ya jabali Mwenyezi Mungu atalileta, anamwambia asimamishe swala, asubiri, asiwafanyie watu kiburi, asitembee kwa maringo, ashushe sauti. Na kila akifika kwenye jambo zito anamwita "ewe mwanangu." Someni zile aya zote saba usiku wa leo mkirudi, mtafute ni wapi Luqmani kamtishia mwanae moto. Hamtapaona. Na huyo ni mzazi ambae Mwenyezi Mungu kamuweka kwenye kitabu chake ili tuige.

Na hili la kufundisha nyumbani sio jambo limekuja na masemina. Pwani yetu hii hii, huko kaskazini Pate, Mwana Kupona binti Msham alipokua mgonjwa mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi, akamwambia alete wino na karatasi akae karibu. Akaanza na kushika dini, faradhi na sunna, kisha adabu na ulimi mwema. Hakusema subiri mwalimu.

Haya tuje kwenye sinia, hapa ndo napapenda.

Kuna mtoto alikua analelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), anaitwa Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bi Ummu Salama kwa mume wake wa kwanza. Kwahiyo ni mtoto wa kambo, mlio na watoto wa kambo hapa fungueni masikio. Anasimulia mwenyewe kwamba wakati wa kula mkono wake ulikua unazunguka zunguka kwenye sahani, mnaijua hiyo, mtoto anaanza mbele yake, anarukia kwa jirani, anachimba katikati anatafuta mnofu. Mtume akamwambia: ewe kijana, taja jina la Allah, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Basi. Maneno matatu mafupi na shughuli ya kula ikaendelea. Hakufukuzwa kwenye sahani, hakuambiwa una tabia mbaya kama ya watu fulani, hakutajiwa shetani. Na yule mtoto anasema toka siku ile ndo ulaji wake umekua huo. Ameshakua mtu mzima anasimulia bado anakumbuka.

Sasa njoo kwetu. Kwanza sinia lenyewe lipo? Nyumba nyingi saivi mtoto anakula peke yake, kawekewa sahani mbele ya TV au kashikishwa simu ya mama katuni inacheza, kijiko kinaingia mdomoni hajui hata kinachoingia ni wali au makande. Ukimuuliza mama anasema ndo anakula vizuri hivyo hasumbui. Ni kweli hasumbui. Lakini umempoteza mwanafunzi wako kwenye darasa ambalo linakuja lenyewe kila siku bila ada. Bismillahi kwa sauti, tena ianze na wewe mkubwa, sio "umesema Bismillahi?" huku wewe umeshatafuna matonge mawili. Akisahau mwambie aseme Bismillahi awwalahu wa akhirahu, aendelee. Akitumia kushoto mguse mkono mbadilishie. Ila akiwa anaandikia kushoto muacheni, kuna wazazi wanawafunga watoto mkono kwa kitambaa, mnawatesa bure, sisi hapa tunaongelea kula. Na jamani hata mara moja kwa siku, usiku, ikishindikana basi Ijumaa mchana, lisikosekane sinia moja ambalo nyumba nzima inalizunguka na simu ziko chumbani.

Ukishazoea sinia mengine yanajileta. Mmepanda bajaji, Subhanalladhi sakhara lana hadha, unaisema taratibu aisikie mpaka siku moja utamsikia anakuanza yeye. Mvua imeanza, Allahumma sayyiban nafia. Mtu kapiga chafya, mwenye chafya aseme alhamdulillah, waliokaribu wamuombee rehma, yeye awajibu, watoto wanaipenda hii wanapiga mpaka chafya za uongo ili wajibiwe, waacheni wafurahi. Hapo ndo jina la Mwenyezi Mungu linapotoka kwenye ukali linaingia kwenye safari na mvua na kicheko. Sitakaa sana hapo mnazijua, tunachokosa ni kuzisema wao wakiwepo.

Nakuja kwenye uongo na naomba mnisamehe maana nitagusa watu.

Hodi inapigwa. Mama anachungulia dirishani anaona ni mtu wa mchezo, ule wa kuchangishana na kupeana hela kwa zamu, anadai hela yake. Anamtuma mtoto: "kamwambie mama kaenda Muheza." Mtoto mnyenyekevu anatoka anasema "mama kasema nikwambie kaenda Muheza." Mnacheka, mnacheka kwa sababu mnaijua. Sasa tazameni hadithi ya Abdullah bin Amir, anasema siku moja akiwa mtoto mama yake alimwita, Mtume akiwa amekaa nyumbani kwao, mama akasema njoo nikupe kitu. Mtume akamuuliza ulikusudia kumpa nini? Akasema tende. Akamwambia, angalia, usingempa kitu ungeandikiwa uongo. Yani ile ya "njoo nikupe pipi" alafu akifika unamkamata unamuogesha, ile inaandikwa! Na sisi tunaifanya mara ngapi, "nyamaza nitakununulia baiskeli," "twende kwa bibi" kumbe ni hospitali kwenye sindano. Mtoto huyu chuo kafundishwa kwamba alama za mnafiki ni tatu, akizungumza husema uongo, akiahidi huvunja ahadi, akiaminiwa hufanya hiyana. Anazikariri vizuri kabisa. Kisha anarudi nyumbani anakutana na wewe.

Salamu. Hapa nitawakwaza wazee kidogo. Sisi tumelelewa mdogo ndo anaanza kuamkia, shikamoo, na mimi siiondoi shikamoo, mtoto asieamkia wakubwa sura yangu inabadilika. Ila sahaba Anas bin Malik aliwapita watoto akawatolea salamu, akasema Mtume alikua anafanya hivyo. Kiongozi wa umma anapita mtaani anawatolea salamu watoto wanaocheza! Sasa wewe baba unaingia nyumbani watoto wamekaa barazani unawapita kimya unasubiri wakuamkie, wasipokuamkia unaanza ukali. Ingia na Asalaam alaykum wewe kwanza. Hutapungua kitu.

Hodi nayo. Sura ya Nur aya ya 58 imetaja nyakati tatu watoto wasiobaleghe wabishe kabla ya kuingia kwa wakubwa: kabla ya swala ya alfajiri, mchana mnapovua nguo kupumzika, na baada ya isha. Mtasema sisi tumepanga chumba na sebule, mlango wenyewe ni pazia. Hata pazia linabishiwa hodi. Na watu wa pwani tuna bahati, hodi mara tatu usipojibiwa unarudi hiyo tumeikuta kwa wazee wetu na ndo mafundisho yenyewe ya hadithi. Mfundisheni mtoto angali mdogo, kuna mambo akiyaona ndo hayafutiki tena. Na nyinyi pia mpigieni hodi yeye anapooga.

Swala sasa. Wengi wetu katika hadithi ya swala ya watoto tumeshika neno moja tu, wapigeni. Hadithi inasema waamrisheni watoto wenu swala wakiwa na miaka 7, wapigeni kwa ajili yake wakiwa na miaka 10, na watenganisheni kwenye malazi. Kati ya 7 na 10 kuna miaka mitatu. Swala tano kwa siku, miaka mitatu, hesabuni wenyewe, ni zaidi ya mara 5,000 ambazo kazi yako wewe ni kusema tu, njoo tuswali, muda umeingia, twende. Na hiyo fimbo wanavyuoni wameiwekea masharti, isiumize, isiache alama, sio ya hasira, usoni marufuku. Sasa mzazi ambae hajamwita mtoto hata mara hamsini, siku mtoto katimiza kumi anachukua mkanda, huyo hadithi imemtoka mkononi. Na Sura ya Twaha inasema waamrishe watu wako swala na udumu nayo kwa subira. Ni mzazi huyo anaambiwa adumu.

Alafu mababa, na hii ni yenu. Mnaswali msikitini, kheri kubwa. Lakini mtoto wa kike nyumbani anakuona saa ngapi ukiswali? Anaona unavaa kofia unatoka unarudi. Ndo maana Mtume akasema tuzifanyie nyumba zetu fungu la swala zetu, tusizifanye makaburi. Ile sunna ya baada ya magharibi irudishe nyumbani, tandika mswala pale sebuleni, atakuja mwenyewe atapanda mgongoni. Akipanda muache! Mtume alisujudu sijda ndefu mpaka watu nyuma wakadhani kuna jambo limetokea, kumbe mjukuu wake kampanda mgongoni, akasema alichukia kumharakisha. Na alikua anaswalisha watu huku kambeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamuweka chini akisimama anambeba. Leo mtoto akipiga kelele kidogo msikitini mzee wa safu ya kwanza anageuka, "watoeni hawa watoto!" Haya mmewatoa. Miaka kumi mbele mnaitisha kikao kwanini vijana hawaonekani msikitini.

Ramadhani hiyo inakuja. Mtoto wa miaka sita saba anataka kuamshwa daku, mwamsheni, hata akilala tena kwenye sahani ya wali. Afunge mpaka adhuhuri, ale, kesho tena. Sahaba Rubayyi binti Muawwidh anasimulia walikua wanawafungisha watoto wao siku ya Ashura, wakawatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, mtoto akililia chakula wanampa kile achezee mpaka jua linazama. Sufi wameitafuta, wakakaa wakasuka, yani mama mtu anaandaa saumu ya mtoto kama anavyoandaa futari. Sisi maandalizi yetu ni kumwambia ukila we ni kobe, lile jina la kumcheka asiefunga. Na akikutwa anakula kichwa kiko ndani ya kabati, nyumba nzima "kobe! kobe!" mpaka watoto wa jirani wanaimba. Mnamfundisha kujificha hapo, na kujificha mkimfundisha atakuja kukifanya vizuri sana kwenye mambo mengine. Mwambieni umejitahidi, umefika saa tano, kesho tutajaribu tuipite.

Na sahani ya jirani mpeni mtoto apeleke. Sio dada wa kazi, mtoto. Magimbi ya nazi, kawa juu, anatembea taratibu anaogopa kumwaga, anasema mama anakusalimu. Zidisha maji kwenye mchuzi uwaangalie majirani, huo ni wasia wa Mtume kwa sahaba wake Abu Dharr. Na jirani ambae si Muislamu hamrukwi, sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake alikua anauliza mmempelekea jirani yetu Myahudi? Hapa Tanga tunaishi wote, mama fulani wa nyumba ya pili anakuletea keki Krismasi, mtoto aone na ya kwetu inakwenda.

Ustadhi kanionyesha dakika tano, nimeziona. Basi nijibu maswali mawili yaliyoletwa kwenye karatasi.

Mama mmoja anasema mwanae anauliza Mungu ana miaka mingapi na anakula nini, anaogopa kumjibu asije akakufuru. Dada yangu usimpige kofi, ni swali zuri. Jibu analo kifuani, ni Qul huwallahu ahad, kaihifadhi toka ana miaka minne ila hakuna aliyemwambia ndani kuna nini. Mwambie maana yake aya moja moja, Mungu ni mmoja, sisi sote tunamhitaji yeye hahitaji kitu, hakuzaa hakuzaliwa, hafanani na yeyote. Kama wewe mwenyewe huijui, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy imetoka nzima tangu 1969, humu wengi mnayo, iko juu ya kabati imefungwa kitambaa cheupe. Ishusheni.

Kuna mwingine mtoto wake analia kila ikifika saa kumi hataki chuo. Usianze na fimbo, anza na kumuuliza, tena usiku kabla hajalala, sio mbele ya wenzie. Kama amezidiwa masomo tutamrudisha nyuma kidogo. Kama kuna mkubwa anamuonea tuambieni. Na kama anapigwa mpaka anavimba, au kuna mtu yeyote anamshika vibaya, mwalimu au sio mwalimu, unamtoa siku hiyo hiyo na unakwenda kusema panapostahili, wala asije mtu kukutisha kwamba unapiga vita dini. Chuo kingine kipo.

Na baba ulieuliza pale mlangoni wakati naingia, kwamba unarudi saa tatu usiku watoto wamelala na unatoka hawajaamka. Alfajiri unaamka, si ndio? Mwamshe mmoja. Mmoja tu, kwa zamu, mtawadhe wote, mswali, mrudi mnywe chai ya rangi wawili kabla nyumba haijaamka. Wakiwa watatu kila mmoja ana siku zake mbili kwa wiki, na Ijumaa mnakwenda wote msikitini.

Karatasi za ratiba ya Ramadhani anazo ustadhi, chuo kitahamia asubuhi na watoto waje na chupa ya maji wale ambao hawafungi, hakuna wa kuwaita kobe hapa. Asalaam alaykum warahmatullah.